Kifungacho na Kifungwacho

Damu ikishatolewa mkononi na kuingia katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, mtaalamu wa maabara hakitikisi kichupa hicho. Hukipindua polepole, juu chini, chini juu, mara nane hadi kumi, kwa utulivu wa mtu anayebembeleza mtoto. Ndani, kwenye ukuta wa kichupa, kuna ukungu mweupe ambao mgonjwa hauoni: chumvi ya EDTA. Ikikutana na damu huiendea kalsiamu moja kwa moja, ikaizingira na kuishika kwa mikono sita. Damu iliyonyang'anywa kalsiamu haiwezi kuganda. Hubaki kimiminika, na chembe zake zikahesabiwa kwa nafasi.

Molekuli yenye tabia ya namna hiyo wanakemia huiita ligandi. Kitabu cha kemia kitakuambia kwamba ligandi ni ioni au molekuli inayojishikiza kwenye atomi ya metali iliyo katikati, ikiipa jozi ya elektroni. Kitabu cha biolojia kitakuambia kwamba ni molekuli yoyote inayokwenda kushikamana na mahali maalumu pa protini. Maana hizo mbili zinakaribiana, lakini zimegeuziana mgongo: kwa mwanakemia wa metali, kilicho katikati ni kidogo, atomi moja tu, na ligandi ndizo zinazoweza kuwa kubwa na kukizunguka; kwa mwanabiolojia, protini ndiyo jitu, na ligandi ni mgeni mdogo anayebisha hodi. Jina likabaki moja. Ndipo nikaanza kujiuliza jina hilo linasema nini hasa, na lugha nyingine zilizolazimika kukitaja kitu hicho hicho zilikiona kikifanya nini.

Tuanze na Kilatini, kwa kuwa ndiko neno lilikochotwa. "Ligare" ni kufunga, kwa maana ya kamba na fundo. Humo zimetoka ligamenti, yaani kano zinazoshikiza mfupa kwa mfupa, na "obligatio", wajibu unaomfunga mtu mbele ya sheria. Humo pia imetoka "ligatura", dawa au hirizi ya kufungwa mwilini, ambayo Mtakatifu Agostino aliwakataza Wakristo wa zama zake. Msomaji aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa jambo hilo. Anajua hirizi hufungwa mkononi, na anajua pia kwamba mtu mwenyewe husemwa "amefungwa" pale mambo yake yanapokwama, akatafutiwa wa kumfungua. Kati ya Afrika ya Kaskazini ya Agostino na Uswahilini kuna maelfu ya maili na zaidi ya miaka 1,500, na bado fundo lina kazi ile ile.

Aliyelipeleka neno hilo kwenye kemia ni Mjerumani Alfred Stock, mwaka 1916, alipokuwa akichunguza michanganyiko ya silikoni. Hapo pana jambo la sarufi ambalo kwangu si dogo. Katika Kilatini, umbo la "ligandus" halimaanishi "kifungacho". Humaanisha "kipasacho kufungwa". Matumizi ya wanakemia yanasema ligandi ndiyo inayofunga. Umbo la neno linasema ndiyo inayofungwa. Neno limezaliwa likiwa na nyuso mbili, na sidhani kama hiyo ni kasoro. Sikio la Mswahili nalo lina mashaka yake: likisikia "ligandi" hutaka kuweka "ha" mbele, kama tunaposema tope haligandi. Kuganda kwetu na "ligare" ya Kilatini havina nasaba yoyote, sadfa tu. Lakini ni sadfa yenye kushangaza, ukikumbuka kile kichupa cha zambarau: ligandi ambayo kazi yake yote ni kuhakikisha kwamba damu haigandi.

Kitu chenyewe kilitangulia jina. Tangu karne ya 19 wanakemia walikuwa wanajua chumvi za kobalti, amonia na klorini zenye rangi za kupendeza: moja ya njano iliyokolea kuelekea chungwa, nyingine ya zambarau, nyingine ya kijani. Elementi ni zile zile, tofauti ni idadi ya amonia: sita, tano, nne. Ukitia nitrati ya fedha, ya kwanza huachia kloridi zake zote tatu, ya pili huachia mbili, ya tatu huachia moja tu. Kwa nini kloridi nyingine zikatae kutoka? Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen, mtu wa majaribio makini kuliko wengi wa zama zake, alifafanua kwa mfano wa mnyororo: amonia zimeshikana moja kwa moja, kama pete za mkufu, na kloridi iko mwishoni. Alfred Werner, kijana wa miaka 26 huko Zürich, alisema mwaka 1893 kwamba hakuna mnyororo. Metali imekaa katikati, na vitu sita vimeizunguka kila kimoja kwenye pembe yake. Kloridi iliyo ndani ya duara haitoki, iliyo nje hutoka.

Hizo ni picha mbili za kufungwa, na zote ni za heshima. Ya Jørgensen ni ya ukoo: huyu amemshika yule, yule amemshika mwingine, na wa mwisho hamjui wa kwanza isipokuwa kwa kupitia wa kati. Ya Werner ni ya baraza: wote wamekaa kumzunguka mmoja, kila mmoja anamwona. Kwa kobalti, baraza ndilo lililokuwa kweli, na Werner akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Lakini ushahidi mwingi alioutegemea ulitoka mikononi mwa Jørgensen. Na mnyororo haukuwa upuuzi, kwani kaboni hujifunga hasa kwa minyororo.

Waingereza wawili, Gilbert Morgan na Harry Drew, walihitaji mwaka 1920 neno la ligandi inayoshika kwa zaidi ya mkono mmoja. Hawakwenda kwenye kamba ya Kilatini. Walikwenda ufukoni, wakachukua neno la Kigiriki "khele", gando la kaa au kamba mti, wakaunda jina ambalo kwetu limekuwa kilati. EDTA ni kilati kamili. Aliyewahi kumkamata kaa koko kwenye matope ya mikoko anaelewa mara moja walichokusudia: gando hushika kwa pande mbili kwa wakati mmoja, na ukilibandua upande mmoja, ule mwingine bado umekushika, na wa kwanza unarudi. Ndiyo sababu kilati hushika kwa nguvu kuliko ligandi za mkono mmoja zilizo nyingi sawa na mikono yake. Ndiyo sababu pia EDTA, ikiwa imeshibishwa kalsiamu kwanza, hutumika kutoa madini ya risasi katika mwili wa mtu aliyeathirika nayo: huiachia kalsiamu na kuikamata risasi, kisha mkojo ukaitoa.

Hata hivyo picha ya gando ina mahali inapopinda. Gando huchukua. Ligandi hutoa. Elektroni mbili zinazofanya kifungo zinatoka kwake, si kwa metali, na ndiyo maana kifungo cha aina hii kimepewa katika lugha za Ulaya jina linalotokana na kitenzi cha Kilatini cha kutoa. Kigiriki kimeona mshiko, hakikuona zawadi. Mtu anaweza kusema kwamba anayekupa kitu chake kwa namna ambayo huwezi tena kuondoka amekushika kuliko yule wa gando, lakini hiyo ni hoja ya jamaa na madeni, na kemia haiihitaji.

Kiarabu cha vitabu vya sayansi vya leo kina neno "rabita", lenye "i" ndefu katikati, kutoka mzizi wa kufunga na kuunga. Mzizi huo ndio uliozaa "ribat", ngome ya mpakani ambako farasi walikuwa wamefungwa tayari kwa safari, na jina la Rabat, mji mkuu wa Morocco. Nahau yake basi si ya kamba inayonyima uhuru. Farasi aliyefungwa kwenye ribat hakufungwa kwa kosa. Amefungwa kwa kuwa anahitajika, na yuko macho. Na kama Kilatini, Kiarabu nacho kimeacha mlango wazi kati ya mtenda na mtendwa, ila kwa njia yake. Umbo la neno hilo huweza kubeba maana zote mbili: "rahim" ni mwenye kurehemu, lakini "qatil" la umbo hilo hilo ni aliyeuawa. Msomaji wa Kiarabu anayekutana na "rabita" kwa mara ya kwanza hajui bado kama ni kifungacho au kifungwacho, mpaka sentensi imwambie.

Ukienda mashariki, kamba yenyewe inatoweka. Wachina husema "peiti". Herufi ya kwanza, "pei", ni ya kulinganisha, kuoanisha, kufaana. Ndiyo iliyomo katika neno lao la mume au mke, na ubavuni mwake kuna alama ya mtungi wa pombe, kumbukumbu ya kazi ya kuchanganya. Herufi ya pili ni mwili. Ligandi kwao ni mwili ulioafikiana na mwenziwe. Wajapani wameichukua herufi hiyo hiyo ya kwanza katika neno lao "haiishi", lakini wao wanapoisoma kwa kitenzi cha lugha yao wenyewe huisoma "kubaru", kugawa, kama anayegawa karatasi darasani au chakula mezani. Basi herufi moja, na mataifa mawili jirani: mmoja anaweza kusikia ndoa, mwingine anaweza kusikia mgawanyo wa nafasi. Wote wawili wako sahihi. Werner mwenyewe angekubali maana ya Kijapani bila kusita, kwa sababu alichogundua kilikuwa hasa ni hicho, kwamba kuna nafasi, zinahesabika, na kila kitu kina yake.

Ndoa hata hivyo si ya Wachina peke yao. Muda mrefu kabla ya Stock, wanakemia wa Ulaya waliuita mvuto wa kitu kwa kitu "affinitas", na neno hilo kwa Kilatini ni ukwe: undugu unaoletwa na ndoa, tofauti na ule wa damu. Étienne François Geoffroy alipopeleka jedwali lake kwenye Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1718, akionyesha kipi kinamwacha nani kikamfuata nani, yeye alichagua neno la tahadhari zaidi, "mahusiano". Msweden Torbern Bergman alisema mwaka 1775 kwamba mvuto huo ni wa kuchagua. Wajerumani wakaufanya undugu wa hiari, na Goethe akauchukua mwaka 1809 kuwa jina la riwaya yake inayohusu ndoa inayovunjwa na wageni wawili. Kwa Kiswahili tumeridhika kusema "mvuto" na basi, neno linalotumika pia kwa sumaku na kwa dunia. Naona tumepoteza kitu hapo. Ukwe ungelifaa zaidi: mvuto wa dunia haubagui, ila ligandi hubagua.

Sasa ufunguo. Mwaka 1894 Emil Fischer, akifafanua jinsi kimeng'enya kinavyotambua sukari moja na kuikataa nyingine inayofanana nayo, alisema lazima vioane kama kufuli na ufunguo. Mfano huo umesafiri dunia nzima na leo hakuna mwanafunzi wa famasia asiyeufahamu: dawa ni ufunguo, kipokezi cha seli ni kufuli. Lakini hausemi jambo moja katika kila lugha. Kwa Kijerumani cha Fischer, "Schlüssel" limetokana na kitenzi cha kufunga. Ufunguo kwao ni kifungio. Kwa Kiswahili ufunguo ni wa kufungua, jina lenyewe linatangaza hivyo, na ndivyo ilivyo pia kwa "miftah" ya Waarabu. Mjerumani na Mswahili wanashika chuma kile kile mlangoni, mmoja ana jina la jioni na mwingine ana jina la asubuhi.

Famasia inawahitaji wote wawili. Salbutamoli ya mgonjwa wa pumu huingia kwenye vipokezi vya njia za hewa na kuamsha kazi yao. Misuli inalegea, kifua kinafunguka. Huo ni ufunguo wa Kiswahili. Propranololi huingia kwenye vipokezi vya jamii hiyo hiyo, ikakaa, isifanye kazi, na ikawazuia wengine wasiingie. Huo ni ufunguo wa Kijerumani, na ndiyo maana mwenye pumu hapewi dawa hiyo. Zote mbili ni ligandi. Kilatini cha "ligare" hakiwezi kuzitofautisha, kwa sababu chenyewe kinajua kufunga tu.

Na hapa ndipo ninapotaka kusimama, kwa sababu wengi wetu tumezoea kuamini kwamba Kiswahili kinakuja kwenye sayansi mikono mitupu, kikiomba maneno. Jina "ligandi" tumeliazima, sawa, kama walivyoliazima Warusi na Waturuki. Lakini kitenzi ni chetu, na tazama kilivyo. Funga mlango, funga mzigo, funga ndoa, funga bao, funga Ramadhani. Kifungo ni cha shati na ni cha miaka mitano jela. Kisha kitenzi kinazaa: ligandi hufunga, hufungwa, hufungana, hufungamana. Swali ambalo Kilatini na Kiarabu vililiacha wazi ndani ya umbo moja, Kiswahili kinalijibu kwa viambishi, kila hali na chake. Na juu ya yote kuna herufi moja tu, "u", inayogeuza kazi nzima: fungua. Si neno jingine la kutafutwa mbali. Ni lile lile likirudi nyuma. Hata kalenda yetu imesimama juu yake: mwezi unaofuata Ramadhani hauhesabiwi kwa kufunga, huitwa Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa.

Ukiingia maabara utakuta kwamba wapimao ligandi nao huhesabu kwa mifunguo. Nguvu ya kifungo hawaipimi kwa kutazama kinavyofunga. Huipima kwa namba ya kuachana: kiasi gani cha ligandi kinahitajika ili nusu ya vipokezi viwe vimeshikwa na nusu viwe huru. Namba ikiwa ndogo, mshiko ni mkubwa. Kwenye mchanganyiko uliotulia, vifungo vinafungwa na kufunguliwa kila mara. Kilichotulia ni hesabu, si molekuli.

Na uhai uko katika kufungua kuliko tunavyodhani. Chuma kilichomo katika hemoglobini kina nafasi sita, kama kobalti ya Werner. Nne zimeshikwa na naitrojeni za pete inayokizunguka, ya tano na protini yenyewe, ya sita imeachwa kwa ajili ya mgeni, oksijeni. Hapa maana mbili za ligandi hukutana, kwani oksijeni ni ligandi kwa mwanakemia wa metali na ni ligandi kwa mwanabiolojia. Inafungwa mapafuni na inafunguliwa kwenye misuli, na ubora wake wote ni kwamba haishiki sana. Washa jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa madirisha, na mgeni mwingine anakuja: monoksidi ya kaboni, ambayo hemoglobini huikumbatia kwa zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni ligandi bora kwa kipimo cha "ligare". Inafunga na haifungui upesi, na watu hukutwa asubuhi hawakuamka.

Sianidi ni ya ukoo huo huo. Hushika chuma cha kimeng'enya cha mwisho katika upumuaji wa seli, na seli hukosa pumzi ilhali oksijeni imejaa kwenye damu. Dawa yake mojawapo ni aina ya vitamini B12 ambayo kobalti yake, metali ile ile ya Werner, huwahi kuikamata sianidi. Katika Afrika yetu sianidi haiji kwenye chupa yenye alama ya fuvu. Iko ndani ya mihogo michungu. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika kuhusu ugonjwa wa eneo la Kwango, katika Kongo ya wakati huo, unaompata mtu ghafla: miguu yote miwili inakakamaa na hairudi tena kama ilivyokuwa. Baadaye ulionekana Nampula nchini Msumbiji, na katika miaka ya 1980 ukaonekana Tarime, mkoani Mara. Huwapata watu ambao, kwa njaa au ukame au haraka ya soko, wamekula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, wakiwa na upungufu wa protini ambayo mwili huhitaji ili kuivunja nguvu sianidi. Wagonjwa wengi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Dunia nzima sasa inauita ugonjwa huo konzo. Ni neno la Wayaka wa Kwango, nao walilitoa kwenye kile walichokiona kwa macho, miguu iliyofungwa.

Wayaka hawakuwa wanaijua ligandi, na Stock hakuwa anawajua Wayaka. Kila mmoja alikuwa mbele ya jambo lake, na kila mmoja akaenda kwenye kamba. Ila Wayaka, tofauti na Kilatini cha Stock, hawakuacha shaka ni nani aliyefungwa.

Kuna njia ya kuufungua muhogo kabla haujamfunga mtu, na haihitaji maabara. Unga wa muhogo uliokwisha sagwa hutiwa maji kidogo kwenye beseni, ukakandwa mpaka ulowe wote, kisha ukatandazwa juu ya mkeka kwa unene usiozidi wa kidole. Kimeng'enya cha muhogo wenyewe, kikipata maji, huiachia sianidi, nayo hupanda hewani. Juani ni saa mbili. Kivulini ni saa tano, na mama akirudi kutoka mtoni unga uko tayari kusongwa ugali wa jioni hiyo hiyo.